Kompyuta Ilipokataa Nenosiri: Somo la Kuweka Mpangilio wa Kudumu wa Kibodi kwenye Linux



Somo letu la kompyuta safari hii naanza na kosa langu mwenyewe, maana ndilo lililonifundisha haya ninayotaka kuwaeleza. Wapo miongoni mwenu waliokuwepo siku ile na wanalikumbuka. Wasiokuwepo, hii hapa habari yenyewe.

Jumuiya yetu ina laptopu moja. Ni ya mtumba, imetoka Ubelgiji kama laptopu nyingi tunazozitumia hapa Bujumbura, na kibodi yake ni ya AZERTY. Siku moja ya Alhamisi asubuhi niliombwa niifute Windows iliyokuwa inakwamakwama na kuiwekea Debian, ambayo ni mfumo wa Linux, huria na wa bure, tena mwepesi kwa mashine kuukuu. Nikaiweka pamoja na mazingira ya Xfce. Kwenye usakinishaji inakuja hatua inayouliza kibodi ni ya aina gani, na jibu lililotangulia kuwekwa ni la Marekani. Mimi nilikuwa na haraka, nikabonyeza Enter na kuendelea. Jina la mtumiaji nikaweka "chuo", na nenosiri la muda nikaweka tarakimu nne.

Mashine ilipowaka nikaona nikibonyeza "a" inatoka "q". Nikafungua terminali, nikaandika amri moja ya kurekebisha, herufi zikakaa sawa. Hapo nikabadilisha nenosiri, nikaweka la maana zaidi. Tuseme lilikuwa mwezi27 (halikuwa hilo, lakini kwa somo linatosha). Nikamkabidhi mashine ukhti anayesomesha duru ya Kiarabu kwa wanaoanza. Akakaa nayo kutwa nzima, akachapa kurasa 14 za mazoezi: Kiarabu upande mmoja, Kiswahili upande wa pili. Duru ilikuwa Jumamosi.

Usiku umeme ukakatika, betri ikaisha, mashine ikazimika. Ijumaa asubuhi tukaiwasha ili tupeleke kazi duka la fotokopi. Jina "chuo" likaandikika vizuri. Nenosiri likakataliwa. Nikaandika polepole, likakataliwa. Akaandika katibu, likakataliwa. Ndugu mmoja akasema kwa nia njema kabisa: "Futa yote uweke upya, si dakika 40 tu?" Dakika 40, ndiyo, na kurasa 14 ambazo hazikuwa na nakala popote.

Nilikuwa nimeshaishika flashi ya usakinishaji mkononi. Kilichotuokoa ni ukhti mwenyewe, aliyeuliza swali ambalo mimi ndiye niliyepaswa kuliuliza: "Kwani tunajuaje kama kinachoandikwa humo ndani ndicho tunachokiandika?" Nenosiri huonekana kama vidoti tu. Basi tukaliandika nenosiri kwenye kisanduku cha jina, pale ambapo herufi zinaonekana. Tulibonyeza mwezi27. Skrini ikaandika:

;zewi@&

Tukanyamaza kidogo, kisha tukacheka. Mashine ilikuwa haijasahau nenosiri. Sisi tulikuwa tunaiambia neno jingine.

Kibodi haitumi herufi

Ili uelewe kilichotokea, lazima ujue jambo hili moja: kitufe hakitumi herufi iliyochapwa juu yake. Kinatuma namba. Chukua kitufe kilicho mara tu baada ya Tab. Kwenye kibodi ya Ubelgiji au Ufaransa kimeandikwa A, na kwenye kibodi ya Marekani au Uingereza kimeandikwa Q. Lakini vyote viwili vinatuma namba ile ile, kwa kuwa vipo mahali pale pale. Programu ndiyo inayoamua kuwa namba hiyo ni "a" au ni "q".

Kwenye Linux na mifumo mingine huria, programu inayofanya kazi hiyo tangu zamani inaitwa X. Ilianzia chuo cha MIT huko Marekani mwaka 1984, na toleo linalotumika hadi leo, la kumi na moja, lilitoka mwaka 1987. Ndiyo sababu utaona imeandikwa X11. X ndiyo inayochora madirisha kwenye skrini, na ndiyo inayopokea vitufe na kipanya. Ndani yake kuna sehemu iitwayo XKB yenye majedwali: namba hii ni herufi hii, namba hii ikiambatana na Shift ni alama ile. Ukitaka kuiona namba ya kitufe kwa macho yako, andika xev kwenye terminali, kisha bonyeza kitufe. Hicho cha baada ya Tab kitakuonyesha 24, iwe kibodi ni ya Ubelgiji au ya Marekani.

Sasa rudi kwenye nenosiri letu. Nilipoliweka, XKB ilikuwa inatumia jedwali la Ubelgiji. Mashine ilipowashwa upya ilirudi kwenye jedwali la Marekani, kwa kuwa ndilo nililolikubali wakati wa usakinishaji. Kitufe chetu cha M kwa Mmarekani ni nukta mkato. W yetu kwake ni Z, na Z yetu kwake ni W. Tarakimu kwenye AZERTY hutoka kwa Shift, na Shift pamoja na kitufe cha 2 kwa Mmarekani ni @, pamoja na cha 7 ni &. Herufi "e" na "i" zipo mahali pamoja kwenye kibodi zote mbili. Vivyo hivyo herufi zote nne za "chuo", ndiyo maana jina halikutupa dalili yoyote.

Tulipolijua hilo, kuingia kukawa rahisi. Tulitafuta vitufe ambavyo kwa jedwali la Marekani vingetoa mwezi27. Juu ya kibodi yetu vilikuwa ni hivi: kitufe cha mkato, kisha z, e, w, i, kisha é na è bila Shift. Mlango ukafunguka. Kitu cha kwanza alichofanya ukhti ni kunakili kurasa zake kwenye flashi, na la kwanza nililofanya mimi ni kutafuta dawa ya kudumu.

Kosa lilikuwa wapi

Amri niliyoiandika Alhamisi ilikuwa hii:

setxkbmap be,ara -option grp:alt_shift_toggle

Maana yake: tumia jedwali la Ubelgiji na la Kiarabu, na nikibonyeza Alt na Shift kwa pamoja nivuke kutoka moja kwenda jingine. Ni amri sahihi. Kasoro yake ni kwamba inafanya kazi kwa kikao kile tu. Ukitoka au mashine ikizimika, imekwisha.

Wengi wetu hukimbilia kuiweka amri hiyo ijiendeshe yenyewe mara mtu anapoingia, au kuchagua kibodi kwenye mipangilio ya Xfce, GNOME au KDE. Hiyo inasaidia, lakini haifiki pale tulipokwama. Skrini ya kuomba jina na nenosiri huwaka kabla hujaingia. Haikujui wewe ni nani, na haijasoma faili lako hata moja. Inachosoma ni mpangilio wa mashine nzima. Funguo ulioufungia ndani ya nyumba haukusaidii ukiwa nje ya mlango. Kwa hiyo mpangilio wa kibodi uwekwe kwenye mfumo, mahali ambapo mashine huusoma kabla ya mtu yeyote kuingia.

Hatua kwa hatua kwenye Debian na jamaa zake

Haya yanafaa kwa Debian na kwa Ubuntu.

Kwanza, ijue kibodi yako. Usiangalie nchi unayoishi, angalia vitufe vyenyewe. Mstari wa juu wa herufi ukianza na A Z E R T Y, ni ya Ufaransa au ya Ubelgiji. Kuzitofautisha, tazama kitufe cha 6 na cha 8. Kama 6 ina alama ya § na 8 ina alama ya mshangao, ni ya Ubelgiji, na msimbo wake ni be. Kama 6 ina kistari na 8 ina kistari cha chini, ni ya Ufaransa, msimbo wake fr. Tofauti hii si ndogo: alama ya @ kwa Mbelgiji ni AltGr na kitufe cha 2, kwa Mfaransa ni AltGr na kitufe cha 0. Ndugu zetu wanaokuja na mashine kutoka Kampala au Dar es Salaam mara nyingi wana QWERTY. Hapo angalia Shift na 2: ikiwa ni @ ni ya Marekani, us, ikiwa ni alama ya kunukuu ni ya Uingereza, gb. Kiarabu kina msimbo wa ara. Orodha nzima ya misimbo ipo kwenye faili hili:

/usr/share/X11/xkb/rules/base.lst

Pili, jaribu kwa muda kabla ya kuandika popote. Fungua terminali uandike setxkbmap be, au msimbo wako mwingine. Kama kibodi ni AZERTY na mashine bado inaiona kama ya Marekani, bonyeza vitufe vilivyoandikwa setxkb,qp be na skrini itaonyesha setxkbmap be. Kisha jaribu kila alama unayoihitaji: @, nukta mbili, mkwaju, mabano, herufi zenye alama za Kifaransa. Kujua kinachotumika sasa hivi, andika:

setxkbmap -query

Tatu, weka nakala ya faili la mfumo kabla ya kuligusa:

sudo cp /etc/default/keyboard /etc/default/keyboard.zamani

Nne, lifungue:

sudo nano /etc/default/keyboard

Ndani utakuta mistari michache. Ifanye iwe hivi:

XKBMODEL="pc105"
XKBLAYOUT="be,ara"
XKBVARIANT=","
XKBOPTIONS="grp:alt_shift_toggle"
BACKSPACE="guess"

Mstari wa kwanza ni umbo la kibodi. pc105 ndiyo kibodi ya kawaida ya Ulaya yenye kitufe cha ziada karibu na Shift ya kushoto, na inafaa kwa karibu laptopu zote tulizonazo. Mstari wa pili ni majedwali, bila nafasi baada ya mkato. XKB inaruhusu hadi manne kwa mara moja. Wa tatu ni wa vijitofauti ndani ya kila jedwali. Ule mkato peke yake unasema: la kwanza la kawaida, na la pili la kawaida. Wa nne ni namna ya kuvuka. Hifadhi kwa Ctrl na O, kisha Enter, halafu toka kwa Ctrl na X.

Asiyetaka kuandika kwa mkono atumie amri hii, imuulize swali moja moja:

sudo dpkg-reconfigure keyboard-configuration

Mwisho wake ni faili lile lile.

Tano, washa mashine upya. Na kabla hujaandika nenosiri, jaribu kibodi kwenye kisanduku cha jina. Andika amz27 uone inatoka nini. Ikitoka amz27, umefaulu. Faili hili linasomwa na X na vilevile na skrini ile nyeusi ya maandishi unayoifikia kwa Ctrl, Alt na F2, kwa hiyo umetengeneza milango miwili kwa kazi moja.

Sita, na hili ndilo nililolikosea mimi: nenosiri jipya liwekwe baada ya kuwasha upya na kuhakikisha, kamwe si kabla.

Kwa nini herufi za Kilatini zitangulie

Ndugu mmoja aliniuliza: kwa kuwa mashine inatumika sana kwa duru ya Kiarabu, kwa nini tusiandike ara,be? Sababu ni kwamba jedwali la kwanza ndilo linaloamka na mashine. Likiwa la Kiarabu, skrini ya kuingilia itaanza kwa Kiarabu, na "chuo" haitaandikika mpaka uvuke. Amri za terminali nazo ni za herufi za Kilatini, na zipo programu ambazo njia za mkato kama Ctrl na C hazifanyi kazi sawasawa zikikuta jedwali la kwanza si la Kilatini. Weka la Kilatini mbele. Kiarabu kipo umbali wa vidole viwili.

Tena, kama unatumia kibodi ya nje yenye taa ya Scroll Lock, ongeza grp_led:scroll baada ya mkato kwenye mstari wa XKBOPTIONS. Taa itawaka kila unapokuwa kwenye jedwali la pili. Inapunguza sana kuandika sentensi nzima ya Kiswahili kwa herufi za Kiarabu bila kujua.

Kwa wenye mifumo mingine

Fedora, Arch na mifumo mingi inayotumia systemd wana amri moja inayomaliza kazi:

sudo localectl set-x11-keymap be,ara pc105 "" grp:alt_shift_toggle

Inakuandikia faili liitwalo 00-keyboard.conf ndani ya /etc/X11/xorg.conf.d/. Unaweza pia kuliandika mwenyewe, na sura yake ni hii:

Section "InputClass"
    Identifier "system-keyboard"
    MatchIsKeyboard "on"
    Option "XkbLayout" "be,ara"
    Option "XkbModel" "pc105"
    Option "XkbOptions" "grp:alt_shift_toggle"
EndSection

Wa FreeBSD hutumia faili la namna hii hii, ila folda yao ni /usr/local/etc/X11/xorg.conf.d/. Usisahau mstari wa mwisho wala alama za kunukuu, kwa sababu X ikishindwa kulisoma faili inaweza isiwake kabisa. Ikitokea, ingia kwa Ctrl, Alt na F2, lipe faili jina jingine, kisha washa upya.

Mambo mawili ya tahadhari. La kwanza: mazingira ya kazi yanaweza kuwa na mpangilio wake unaofunika ule wa mfumo baada ya kuingia. Kwenye Xfce, fungua mipangilio ya kibodi, sehemu ya mpangilio wa vitufe, na uache alama kwenye kisanduku cha kutumia chaguo za mfumo. La pili: mifumo mipya inazidi kuhama kutoka X kwenda Wayland. Huko setxkbmap haifai kitu, chagua kibodi kwenye mipangilio ya mazingira yenyewe. Lakini majedwali ni yale yale ya XKB na misimbo ni ile ile, kwa hiyo uliyojifunza hapa hayapotei.

Zoezi

1. Mashine ya mwenzako ina kibodi ya AZERTY. Akiandika maktaba inatoka ;qktqbq. Jedwali gani linatumika, na utatumia amri gani kumsaidia kwa muda?

2. Mtu ameandika XKBLAYOUT="ara,us". Atapata tabu gani akiwasha mashine, na atafanyaje ili aingie leo, na ili asipate tabu kesho?

3. Umechagua kibodi vizuri kwenye mipangilio ya Xfce, lakini skrini ya kuingilia bado inakosea. Kwa nini?

Majibu kwa ufupi: la kwanza, ni jedwali la Marekani, andika setxkbmap be au fr kulingana na vitufe vyake. La pili, skrini itaanza kwa Kiarabu. Leo avuke kwa vitufe vya kuvukia kama amewekewa, kesho abadilishe iwe us,ara. La tatu, mipangilio ya Xfce ni ya aliyekwisha kuingia, na skrini ya kuingilia inasoma ya mfumo.

Duru ya Jumamosi ilifanyika, na kila mwanafunzi alipata karatasi yake. Laptopu yetu sasa ina kijikaratasi kilichobandikwa chini ya skrini, kwa mwandiko wa ukhti: "Kibodi: Ubelgiji. Kiarabu: Alt na Shift. Ikikataa, liandike kwanza kwenye jina." Mstari huo wa mwisho naomba muuchukue hata kama hamtabaki na kingine. Mashine inapokukatalia, kabla hujaichukua flashi ya kufutia, kwanza hakikisha imesikia ulichosema.